Pingili Saba za Shingo ya Twiga

Ingia bucha yoyote ya Kitengela, zile za kando ya barabara ya Namanga ambako mbuzi huning'inia kwenye ndoano tangu alfajiri, uagize shingo. Ikishaiva na kuliwa, mifupa usiitupe. Ipange mezani kuanzia ule uliobeba kichwa hadi ule uliopakana na ubavu wa kwanza. Utahesabu pingili saba. Rudia kwa ng'ombe, utapata saba. Punda, mbwa, popo, nyangumi: saba. Na wewe unayekula una saba. Kuku ndiye atakayekuvurugia hesabu, maana shingo yake ile nyembamba ina pingili 14.

Kilomita chache kutoka mezani pako, kwenye tambarare za Athi-Kaputiei, twiga anavuna majani ya migunga kwa shingo inayokaribia mita mbili. Shingo hiyo nayo ina pingili saba, ila kila moja yaweza kupita sentimita 25. Kuku ana mara mbili ya hesabu yake.

Wamaasai humwita twiga olmeut, na wameishi naye kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyeandika habari zake. Hata jina la kaunti yao lina urefu ndani yake. Kajiado ni Olkejuado lililofupishwa na ndimi za wageni, yaani mto mrefu. Ile -ado ya mwisho ndiyo urefu wenyewe. Na mto kwa Kimaasai ni olkeju, mguu ni enkeju, kwa hiyo mtu asiyejua angeweza kudhani jina hilo lilitungwa kwa ajili ya mnyama huyu. Lakini mto, ukitaka kuwa mrefu, huongeza maji na njia. Twiga hakuongeza hata mfupa mmoja. Historia ninayotaka kuisimulia ni ya watu waliojaribu kujua ni nani, au ni nini, kilichoshika hesabu ile ya saba, na ni nini kilichoruhusu urefu upite.

Inaanzia pwani yetu. Mwaka 1414 twiga alifikishwa katika kasri la mfalme Yongle wa China, zawadi ya mtawala wa Bengal. Mwaka uliofuata wajumbe wa Malindi wakamleta mwingine, wakasafiri naye kuvuka Bahari ya Hindi. Wakuu wa kasri waliamua kwamba huyo ni qilin, mnyama wa heri katika hadithi zao, anayejitokeza nchi inapotawaliwa kwa haki. Msanii na mwandishi wa hati Shen Du akaandika sifa zake. Kwa kifupi, walipata ishara, na aliyepata ishara haulizi mifupa.

Waliouliza mifupa walikuwa Wafaransa, miaka mia nne baadaye. Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alimtuma twiga jike aliyekamatwa Sudan kwa mfalme Charles X. Alishuka Marseille mwaka 1826, akapumzishwa wakati wote wa baridi, na tarehe 20 Mei 1827 akaanza kutembea kwa miguu kwenda Paris, ng'ombe wa maziwa wakimtangulia. Aliyetembea naye njia nzima, zaidi ya mwezi mmoja, alikuwa mzee wa miaka 55 mwenye maumivu ya viungo aitwaye Étienne Geoffroy Saint-Hilaire.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu huyu bwana ndiye mzizi wa habari yote. Geoffroy aliamini kwamba wanyama wenye uti wa mgongo wamejengwa kwa ramani moja. Mkono wa mtu, bawa la popo na pezi la nyangumi, alisema, ni viungo vilevile vilivyorefushwa hapa na kufupishwa pale. Na alitafuta ushahidi mahali ambapo wenzake waliona mkosi tu: watoto na wanyama waliozaliwa na kasoro. Alichukua mayai ya kuku yaliyokuwa yakiatamiwa, akayavuruga kwa makusudi, kisha akachunguza vifaranga walivyoharibika. Alibaini kwamba hata kasoro ina utaratibu. Mfugaji yeyote wa Kajiado aliyewahi kuona ndama wa vichwa viwili anajua kuwa vichwa hivyo hukaa mahali pa kichwa, kamwe havioti kwenye nyonga. Wengine humwita ndama huyo laana. Geoffroy alisema huyo ni barua kutoka tumboni, na inasomeka.

Paris ilimpokea twiga kwa wazimu. Watu walimiminika bustani ya Jardin des Plantes kumtazama, na wanawake wakasuka nywele juu kumwiga. Ndani ya bustani hiyohiyo aliishi mzee mwingine, Jean-Baptiste Lamarck, mwenye miaka 82 na kipofu kabisa. Mwaka 1809 alikuwa ameandika kwamba twiga walipata shingo kwa kujinyoosha kizazi baada ya kizazi kufuata majani ya juu, na kwamba walichopata wazazi kilirithiwa na watoto. Twiga mwenyewe akaja kuishi jirani yake, na Lamarck hakuweza kumwona. Alifariki mwaka 1829. Wazo lake la kurithi mazoezi lilishindwa, na Charles Darwin alipomshughulikia twiga katika toleo la 1872 la kitabu chake alieleza kwa namna nyingine: waliozaliwa na shingo ndefu kidogo waliponea ukame, wafupi wakafa. Sawa. Lakini Darwin hakuwa na njia ya kueleza jinsi shingo ndefu kidogo inavyotengenezwa ndani ya mimba. Hilo lilisubiri nzi.

Mwaka 1894 Mwingereza William Bateson alichapisha kitabu kinene kilichojaa viumbe wa ajabu, kati yao nyuki aliyeota mguu mahali pa papasi, na watu wenye mbavu za ziada. Mwaka 1915 Calvin Bridges, jijini New York, alimpata nzi wa matunda ambaye kipande kimoja cha mwili wake kilikuwa kimejigeuza kufanana na jirani yake. Edward Lewis wa California alikaa na uzao wa nzi wa aina hiyo kwa miongo, akifanya kazi zaidi usiku, na mwaka 1978 akatoa hoja iliyowashangaza wengi: jeni zinazoamua kipande kipi cha mwili kiwe nini zimepangwa kwenye kromosomu kwa mfuatano uleule wa mwili wenyewe. Za kichwani upande huu, za mkiani upande ule, kama foleni ya abiria waliopanga mizigo yao kwa mpangilio wa vituo watakavyoshuka.

Kisha, mwaka 1983 na 1984, maabara ya Walter Gehring mjini Basel na wenzao wa Indiana waligundua kwamba jeni hizo za nzi zina kipande kinachofanana, herufi 180 za DNA. Wakakitafuta kwa wanyama wengine wakidhani ni jambo la wadudu. Wakakikuta kwa chura, kwa panya, na kwa mtu. Nzi na Mmaasai aliyesimama kwa mguu mmoja akichunga ng'ombe wamepangwa kwa ramani iliyotoka kwa babu mmoja wa kale. Geoffroy, ambaye mwaka 1830 alibishana hadharani na mwanasayansi mwenzake Georges Cuvier juu ya ramani hiyo moja na akaonekana ameshindwa, alikuwa amekaribia ukweli kuliko walivyojua waliompigia makofi mpinzani wake.

Jeni hizo huitwa Hox. Mamalia tunazo 39, katika makundi manne. Hazijengi mfupa. Kazi yake ni kama ya msimamizi wa mjengo anayepita akiandika kwa chaki ukutani: hapa shingo, hapa kifua, hapa kiuno. Mafundi wengine ndio wanaobeba matofali. Mwaka 2003 Deneen Wellik na Mario Capecchi wa Chuo Kikuu cha Utah walizima kundi zima la Hox10 kwa panya, na pingili za kiuno, ambazo hazina mbavu, zikaota mbavu. Agizo la asili la mwili, kumbe, ni kuota mbavu kila mahali, na Hox10 ndiyo inayosema kiunoni hapana.

Na shingo? Mwaka 1995 Ann Burke na wenzake walilinganisha kuku na panya. Waliona kwamba jeni moja, Hoxc6, huwaka pale shingo inapokutana na kifua. Kwa panya huwaka baada ya pingili ya saba, na kwa kuku baada ya 14. Mpaka hausogei na hesabu ya mifupa. Unasogea na jeni.

Hata hiyo mifupa huhesabiwa kwa saa. Kiinitete kikiwa bado kidogo kuliko punje ya mchele, vifundo vya nyama hujitenga kimoja baada ya kingine pande mbili za mstari wa mgongo, na ndivyo vitakavyokuwa pingili na mbavu. Mwaka 1997 Isabel Palmeirim na Olivier Pourquié walionyesha kwamba ndani ya kiinitete cha kuku kuna jeni inayowaka na kuzimika kila dakika 90, na kila mzunguko hutoa jozi moja ya vifundo. Kwa binadamu mzunguko huchukua saa tano hivi, na kazi yote huisha kati ya wiki ya tatu na ya tano, wakati mama wengi ndio kwanza wanahesabu siku na kushangaa. Twiga ana saa ya namna hiyo pia. Shingoni inatoa pingili saba tu, kama kwa ng'ombe.

Mbona basi asiongezewe cha nane, maisha yakawa rahisi? Mtafiti wa Uholanzi Frietson Galis alilijibu hilo mwaka 1999. Jeni zilezile za Hox zinazochora mpaka wa shingo hutumika wakati uleule kupanga moyo, mishipa na neva. Ukisogeza mpaka umevuruga vyote. Watoto wanaoota ubavu shingoni huandamana mara nyingi na kasoro nyingine, na wengi wao hawafiki kuzaliwa. Mamalia wachache tu wamefaulu kuivunja sheria ya saba, wale slothi wa misitu ya Amerika na nguva wa aina ya manati, wote wakiwa wanyama wa mwendo wa pole sana. Mwenye kukimbizwa na simba hana nafasi ya kujaribu.

Twiga amelipa gharama ya ramani hii ya zamani kwa njia ambayo huwa inanichekesha. Kuna neva inayotoka kichwani kwenda kwenye zoloto, kisanduku cha sauti. Katika kiinitete moyo hukaa karibu na kichwa, na neva hiyo hupita chini ya mshipa mkubwa wa damu ulio jirani. Kisha moyo hushuka kifuani na kuivuta neva pamoja nao. Kwa mtu ni mzunguko mdogo. Kwa twiga, neva inashuka shingo nzima, inazunguka mshipa karibu na moyo, halafu inapanda tena kufika mahali palipokuwa karibu na ilikoanzia: safari ya zaidi ya mita nne. Ni kama mtu wa Kitengela anayekwenda Athi River kwa kupitia Namanga.

Ili kujua twiga alibadilisha nini, ilibidi apatikane wa kulinganishwa naye. Huyo alikuwa amejificha msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo. Harry Johnston, aliyekuwa mjumbe mkuu wa Uingereza nchini Uganda, alisikia habari zake kwa Wambuti, akapata vipande vya ngozi yenye milia, na mwaka 1901 wanazuoni wa London wakatangaza kwa haraka kwamba ni aina ya farasi. Fuvu lilipofika waliona aibu. Alikuwa okapi, ndugu pekee wa twiga aliye hai. Shingo yake ni ya kawaida, ya pingili saba, na njia zao zilitengana takribani miaka milioni 11.5 iliyopita.

Sasa turudi kwenye barabara ya Namanga. Ukiifuata kutoka Kitengela, ukapita Isinya, Kajiado na Bisil, ukavuka mpaka, utafika Arusha, ambako kipo Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Afrika cha Nelson Mandela. Huko ndiko alikofanyia kazi Morris Agaba, mwanasayansi wa jeni za wanyama. Yeye, Edson Ishengoma, na Douglas Cavener wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State nchini Marekani, pamoja na wenzao, walisoma jenomu ya twiga wa Kimaasai na ya okapi. Twiga mmoja alikuwa wa Maasai Mara, mwingine wa bustani ya wanyama ya Nashville. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature Communications tarehe 17 Mei 2016, na jina la kwanza katika orodha ya waandishi ni la Agaba. Mimi huwa nalitaja jambo hilo kila nikipata nafasi, kwa kuwa mnyama huyu amezungumzwa na kila mtu isipokuwa watu wa kwao.

Walipata jeni 70 zenye dalili kwamba zilibadilika kwa kuchaguliwa kwa upande wa twiga. Zaidi ya nusu zinahusika na ukuaji wa mifupa, moyo, mishipa ya damu na neva. Ndani yake zimo za familia ya Hox na wenzao wanaosimamia uti wa mgongo, na imo moja yenye jina gumu, FGFRL1, iliyobadilika mahali saba ambapo hakuna mnyama mwingine waliyemlinganisha aliyebadilika. Saba tena, ingawa hapa ni sadfa. FGFRL1 hupokea ujumbe wa ukuaji katika kiinitete. Panya asiye nayo hufa mara anapozaliwa, kwa sababu kiwambo cha kumsaidia kupumua hakikukomaa. Cavener alipendekeza kwamba urefu ulihitaji mambo mawili: jeni inayohimiza mfupa ukue zaidi, na jeni ya aina ya Hox inayoelekeza ni mfupa upi, ili shingo na miguu virefuke na mgongo ubaki wa wastani. Kwa lugha ya mjengo, yupo wa kuagiza saruji na yupo wa kusema imwagwe wapi.

Magazeti yaliandika kwamba siri ya shingo imefichuka, lakini yaliwahi mno. Mwaka 2021, katika jarida la Science Advances, watafiti wa China na Denmark walieleza jinsi walivyomchukua panya na kuyaingiza yale mabadiliko saba ya twiga kwenye FGFRL1 yake. Panya hakuota shingo. Walipompa dawa ya kupandisha shinikizo la damu, presha yake ilikataa kupanda kama ya wenzake, na mifupa yake ikawa na uzito mkubwa zaidi kwa kipimo chake. Twiga, mwenye presha karibu mara mbili ya yetu ili damu ifike kichwani, alihitaji vyote viwili, mshipa usioharibika na mfupa unaojengwa upesi. Jeni iliyodhaniwa ya shingo ikawa ya moyo na mifupa kwa pamoja. Naliona hilo kuwa pigo zuri kwa wanaotafuta jeni moja ya kila kitu, ya urefu, ya akili, ya mbio za Wakalenjini. Shingo ni kazi ya kamati.

Na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika baada ya kuzaliwa. Ndama wa twiga hutoka tumboni akiwa na mita 1.8 hivi, akianguka kutoka urefu wa karibu mita mbili kwa kuwa mama huzaa amesimama, na shingo yake bado si ndefu kwa kulinganisha na miguu. Pingili zilizohesabiwa mwanzoni mwa mimba huendelea kurefuka kwa miaka.

Mwaka 2023 George Lohay, Cavener na wenzao walionyesha jambo jingine kuhusu twiga wa Kimaasai wa Tanzania. Walioko magharibi ya ukingo wa Bonde la Ufa na walioko mashariki hawajapelekeana majike kwa zaidi ya miaka 250,000. Genge lilikuwa refu kuliko miguu yao. Twiga wa tambarare za Kitengela wako upande huu wa mashariki wa Bonde, na ukingo wao mpya una nguzo za zege na waya. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata hati yake, kisha hati zikagawanywa tena hadi kufikia ploti za futi 50 kwa 100 zinazotangazwa kwenye mabango hadi Isinya. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wafugaji shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua wala kuuza. Fedha hizo zilipangwa zifike wakati wa kulipa karo, na familia nyingi ziliitikia. Bei ya ploti iliendelea kupanda.

Mimba ya twiga huchukua miezi 15. Nyumba ya vyumba vitatu Kitengela, ua na geti juu yake, haichukui muda huo.